Mwaka wa Jeshi la Ndezi

Mimi ni mtu wa darasa la saba, tena la saba lisilomalizika, na Mbinga nzima inalijua hilo kwa sababu nimewatangazia mwenyewe kwa kipaza sauti. Nina maduka matatu ya nguo, nina nyumba ya wageni yenye maji ya moto, na kwenye mashine yangu ya kukoboa kahawa wenye digrii zao huja kuniomba kazi wakiwa wamevua kofia. Jina langu la ubatizo ni Kanisius, lakini ukimuulizia Kanisius pale stendi watu watakushangaa. Ulizia Robota, hata mtoto atakufikisha mlangoni. Kila mwaka shule hunialika niwe mgeni rasmi kwenye mahafali, nami natoa bati, natoa saruji, halafu nawachekesha. Nawaambia, “Wenzangu siku ya mtihani walikuwa wanaandika, mimi nilikuwa Kitai nauza nguo. Leo nani anamwajiri nani?” Wanafunzi wanavunjika mbavu. Kisha natoa mfukoni kifungo kimoja cha rangi ya dhahabu, chenye picha ya mnyama, nakiinua juu, nawaambia hiki ndicho cheti changu. Walimu nao hucheka, ingawa nikikumbuka vizuri, wengi walikuwa wanacheka kwa meno tu. Nimelisema neno hilo zaidi ya miaka kumi, na lilikuwa bado lina utamu mdomoni siku simu iliponifikia nikiwa ghalani, sauti ya mwanamke nisiyemjua ikisema kwamba Mwalimu Komba amefariki Kitura, maziko kesho saa nane.

Nilipanda Kitura asubuhi yake kwa gari langu, na mchele gunia mbili nyuma, na sukari, na maboksi ya maji, maana mtu kama mimi haendi msibani mikono mitupu. Barabara ile inapanda katikati ya milima iliyochimbwa vishimo vya ngoro kama sega la nyuki, mahindi huku, kahawa kule, ukungu umekaa juu yake hata saa tatu. Nikawaza, huyu alikuwa mtu wa ziwani. Alizaliwa akisikia mawimbi ya Nyasa, akala muhogo na mbasa, aliogelea kabla hajajua kutembea sawasawa, na leo anazikwa kwenye udongo wa baridi ambao hata samaki akifika kule hufika mkavu. Kila aliyekuwa msibani pale alijua kwamba Mwalimu Komba alihamishiwa Kitura akabaki huko. Tuliojua kwa nini alihamishwa, ukiacha mke wake, tulikuwa wawili: mimi, na Odo niliyesoma naye.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao nguo zilianza kuingia. Kijana wa leo hawezi kuelewa. Tulikuwa tumetoka kwenye wakati ambao kaptula moja ya shule ilivaliwa na kaka, ikavaliwa na mdogo wake, ikaishia kuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Halafu ghafla ruhusa ikatoka, biashara ikafunguliwa, na malori yakaanza kushuka ziwani na marobota ya mitumba. Sisi hatukujua nguo ipi huvaliwa wapi. Mlinzi wa godauni alivaa gauni la kuogea la Wazungu, zito, la buluu, na mkanda wake kiunoni, akaonekana kama askofu. Mvuvi mmoja alipata joho jeusi la mahafali ya chuo kikuu, akavulia nalo usipa, dagaa wa kwetu, kwa sababu lilizuia baridi ya alfajiri. Na bibi mmoja wa kwaya alikwenda komunyo na fulana yenye picha ya mpiga gitaa aliyetoa ulimi hadi kidevuni. Padri alimtazama bibi, akamtazama yule wa gitaa, akampa Mwili wa Kristo bila neno, maana fulana ilikuwa safi na imepigwa pasi. Tulicheka, lakini hatukuwa tunamcheka mtu. Tulikuwa tunacheka kwa sababu dunia ilikuwa imetufikia, hata kama ilifika imevunjwavunjwa, kipande huku na kipande kule, tukiiunganisha wenyewe.

Shule yetu ilikuwa kijiji kimoja cha ufukweni, sitakitaja, walimu wa sasa hawana kosa. Ilikuwa na madarasa matano ya tofali za kuchoma na moja la makuti, na ilikuwa na Mganda. Kwa asiyejua, Mganda ni ngoma ya kwetu ya kupanga mistari. Babu zetu walichukuliwa kwenye vita vya Wajerumani na Waingereza, wakaona gwaride na tarumbeta za askari, na waliporudi wakakata vibuyu virefu, wakatoboa tundu, wakabandika utando wa buibui juu ya tundu, wakaimba ndani yake. Kile kibuyu ndicho lipenga, na malipenga thelathini yakilia pamoja, huku ngoma kubwa inapiga na miguu inakanyaga kwa kipimo kimoja, hata aliyekuja kukudai mahari ya dada yake atasahau alichofuata. Mganda una sheria yake. Huchezi mchafu. Shati jeupe, kaptula nyeupe, soksi zimevutwa hadi magotini, nywele zimechanwa. Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Komba, mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, ambaye hakupiga kelele hata alipochapa.

Mwalimu Komba alinichagua mimi kuwa kapteni wa Mganda, mwenye filimbi, anayetembea mbele. Sisemi kwa kujisifu, nilikuwa najua. Pia alikuwa anatufundisha hesabu nyumbani kwake mchana, mimi na Odo, kwa sababu kutoka shule yetu walikuwa wanachaguliwa sekondari wawili, mwaka mwingine mmoja, mwaka mwingine hakuna, na alikuwa ameshasema mbele ya walimu wenzake kwamba mwaka ule watakwenda wawili na anawajua kwa majina. Chumba chake nakiona hadi leo. Meza moja yenye mguu uliofungwa kamba, kalenda ya misheni ukutani, redio iliyovikwa kitambaa kilichofumwa, na dirisha ambalo ukikaa upande wa kushoto unaona ziwa, ukikaa wa kulia unaona ubao. Mimi alinikalisha kulia. Mke wake, Mama Komba, alikuwa akileta ugali wa muhogo na usipa wa nyanya, akauweka katikati ya madaftari, na Mwalimu alikuwa na kawaida ya kutugawia usipa kwa vidole, mmoja kwa Odo, mmoja kwangu, mmoja kwake, akihesabu. “Anafundisha kugawanya,” Mama Komba alikuwa akisema, “lakini angalieni, wa kwake daima ndiye asiye na kichwa.” Tulicheka mdomo umejaa. Sijala chakula kitamu kupita kile, na nimekula hoteli za Dar es Salaam ambazo kijiko kinaletwa kimefungwa kitambaa kama maiti.

Mwezi wa saba kulikuwa na mashindano ya shule za msingi Mbinga mjini, na mashati yetu yalikuwa hayatazamiki. Mwalimu akaomba kila mzazi atoe usipa mkavu. Zikapatikana debe sita. Akatuita mimi na Odo, akasema tupande lori la Mbinga, twende kwa Bwana Shomari, Mwislamu wa pwani aliyefungua duka la mitumba nyuma ya soko, tubadilishane. Maneno yake yalikuwa machache. “Mashati meupe thelathini na mawili. Kaptula mkikosa si neno, zipo. Meupe, Kanisius. Umesikia? Usiniletee kitu kingine.” Nikasema nimesikia.

Kwa Bwana Shomari kulikuwa na chumba cha ndani kilichotandikwa mkeka, marobota yamepangwa hadi dari, harufu ya dawa ya nondo imechanganyika na kahawa ya tangawizi. Mwenyewe alikaa katikati kama sultani, kanzu na kibaraghashia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Harufu yenu imefika kabla yenu. Ziwa lote mmelipakia?”

“Ni usipa, baba, wa daraja la kwanza,” nikamjibu.

“Usipa hauna daraja, mwanangu. Kuna wenye mchanga na usio na mchanga.” Akachukua mmoja, akatafuna polepole akitazama dari. “Huu hauna. Haya, semeni.”

Odo akasema tulichotumwa. Bwana Shomari akamwita msaidizi wake, yakaletwa mashati, yakatandazwa pale mkekani moja baada ya jingine. Yalikuwepo. Naandika hili kwa mkono wangu: yalikuwepo. Meupe, ya zamani, kola zimelika kidogo, lakini meupe. Odo alikuwa ameshapiga magoti anayakunja. Mimi jicho langu lilikuwa pembeni, kwenye robota moja ambalo lilikuwa bado limefungwa kwa mikanda ya bati, lenye karatasi iliyobandikwa.

“Lile, baba?”

“Lile sijui. Karatasi inasema nguo za shule za ng'ambo. Bei yake ni debe zenu hizo hizo. Lakini robota halifunguliwi kabla halijanunuliwa. Ni kama mke wa kutafutiwa, ukishamfunua shela umeoa.”

“Kani,” Odo akasema bila kuinua kichwa, “Mwalimu kasema meupe.”

“Mwalimu hajaliona hili.”

“Hakututuma kuona.”

Nikalizunguka lile robota. Nikalipiga teke kidogo, nikalinusa, nikalikumbatia kupima uzito, kama nilivyowaona wanaume wazima wakifanya. Moyo wangu ulikuwa unaniambia kwamba nguo za shule ya Ulaya haziwezi kuwa mbaya kuliko kola zilizolika, na kwamba mimi ndiye kapteni. Bwana Shomari akatutazama wote wawili, akacheka ndani kwa ndani. “Huyu mwenzako ana akili ya kanisa, wewe una akili ya duka. Sijui ipi itawaponza.” Nikasema tunachukua robota. Mikanda ya bati ilipokatwa, robota likafumuka kama unga uliotiwa hamira, na chumba kikawa chekundu.

Yalikuwa makoti. Makoti arobaini kasoro, mekundu ya sufu, yenye mikanda myeupe iliyopishana kifuani, vifungo vya dhahabu mistari miwili, mabega yana nyuzi zinazoning'inia. Na kofia ndefu nyeusi zenye manyoya. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba huko ng'ambo zipo shule zenye bendi ya tarumbeta, na zile zilikuwa nguo za bendi. Siku ile hatukujua. Mgongoni pa kila koti palidariziwa mnyama mnene mwenye meno mawili makubwa mbele na mkia bapa kama mwiko. Bwana Shomari alimgeuza huku na huku. “Panya,” akasema. “Ndezi,” Odo akasema, kwa huzuni kabisa, “ndezi aliyekanyagwa mkia.”

Mwalimu Komba alipoliona koti la kwanza alilishika mabega, akalinyoosha mbele yake kama anavyoshikwa mtoto wa mtu mwingine. Akauliza, “Mashati hayakuwepo?” Nikasema, “Hayakuwepo, Mwalimu.” Odo alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake ikikatika, lakini Odo hajawahi kuwa mtu wa kusema la mwenzake, alikuwa hivyo tangu udogo. Mwalimu akaliweka koti juu ya meza, akalisugua kwa kiganja. “Basi,” akasema, “tutacheza na tulichonacho.” Mama Komba akaketi siku tatu kwenye kibaraza akipunguza mikono ya makoti na kushona vifungo vilivyolegea, akicheka peke yake kila alipofika kwa ndezi.

Sasa nisikilize. Mimi nimewahi kufungua duka mbele ya mkuu wa wilaya, nimeoa kwa sherehe ya siku mbili, lakini siku yangu kubwa ni ile ya uwanja wa Mbinga. Kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba, shule nyingine zimesimama zinatetemeka katika mashati membamba, na sisi tukaingia wekundu, manyoya kichwani, malipenga yakilia, ngoma kubwa ikisema ndu, ndu, nami mbele na filimbi. Watu waliruka uzio. Akina mama walipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mgonjwa alisimama akatupigia saluti akilia machozi, na baadaye nikaambiwa baba yake alikufa kwenye vita vile vya kwanza. Hapo ndipo nilipoelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba babu zetu walikuwa wakiigiza maaskari kwa shati jeupe kwa sababu tu hawakuwa na koti. Sisi tulikuwa tumewaletea koti. Tulishika namba moja. Na kulikuwa na kijana mmoja mwenye kamera, aliyetuomba tusimame sawasawa, tugeuke mgongo, ndezi aonekane.

Gazeti lilitufikia likiwa limefungia maandazi. Ndivyo habari zilivyofika ziwani wakati ule, zikiwa na mafuta. Mwanafunzi mmoja alinunua maandazi ya mwalimu wa zamu kwa mama mmoja aliyerudi kutoka Songea, akaanza kupiga kelele njiani, na tulipoinyoosha ile karatasi tukajiona: mimi mbele, mstari nyuma yangu, na maandishi makubwa juu, SHULE YENYE JESHI LAKE. Chini wameandika kwamba karibu na mpaka, shule moja ya msingi imewavika watoto sare za kivita za nchi isiyojulikana, zenye alama ya mnyama asiyejulikana. Ilikuwa kwenye ukurasa wa vioja, pembeni ya mbuzi aliyezaliwa na miguu sita. Tulicheka mpaka kengele ikapigwa. Darasa la tatu wakaanza kutuita Jeshi la Ndezi. Mwalimu Komba alilisoma mara mbili, akalikunja, akalitia mfukoni na mafuta yake.

Wiki ile ile walikuja. Gari moja, watu watatu: wawili wa ofisi za wilayani, na mmoja aliyevaa kaunda suti ambaye hakusema ametoka wapi, kwa hiyo kila mtu akajua. Mimi na Odo tuliambiwa tukae kwenye kibaraza cha ofisi ya mwalimu mkuu mpaka tuitwe. Dirisha lilikuwa wazi, tulisikia yote. Mtu wa kaunda suti alikuwa anaongea taratibu kama mgonjwa. Alieleza kwamba raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi. Alieleza kwamba tuko mpakani. Halafu akauliza, “Na huyu mnyama ni nembo ya chama gani?” Maana vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa karibuni, kila chama kina bendera na alama, na hakuna aliyekuwa na hakika vimekwisha kuzaliwa vyote. Mwalimu mkuu, mtu mzuri lakini mwoga, akasema kwa haraka kwamba ni watoto, walitumwa mashati, wakarudi na hayo.

“Mtoto gani?”

Tulisikia karatasi zikipangwa upya mezani.

“Mwalimu mkuu, kama kuna mwanafunzi aliyejiamulia mwenyewe kuleta sare hizi hapa, huyo jina lake linatoka kwenye orodha ya mtihani leo hii. Tunaanzia hapo. Mtoto gani?”

Odo akanigeukia. Hakusema kwa sauti, midomo tu ilitembea: ingia useme. Nilitazama miguu yangu. Nakumbuka kucha ya kidole gumba ilikuwa imepasuka, na siafu mmoja alikuwa anaizunguka. Ndani kiti kikasogea.

“Niliwatuma mimi,” Mwalimu Komba akasema, kwa ile sauti yake ndogo. “Niliagiza makoti.”

“Uliagiza makoti mekundu?”

“Mekundu.”

“Na mnyama huyu?”

“Ni ndezi, mheshimiwa.”

“Ndezi wa nini?”

“Wa kuliwa. Kwetu ndezi ni kitoweo.”

Mtu mmoja mle ndani alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Lakini kalamu ilikuwa inaandika, tulisikia inavyokwaruza.

Makoti yakakusanywa kwenye magunia yakaondoka na gari lile, ila kifungo kimoja chenye ndezi nilichokikata kwenye langu. Barua ya Mwalimu Komba ikaja kabla wiki mbili hazijaisha: Kitura, milimani, mwalimu wa kawaida. Kulikuwa na mazungumzo kwamba angekuwa mwalimu mkuu mwaka unaofuata, na mazungumzo hayo yakafa. Siku ya kuondoka nilikwenda kusaidia kubeba meza ile yenye mguu wa kamba. Mama Komba alikuwa amepika usipa wa mwisho, na Mwalimu akagawa kama kawaida, mmoja, mmoja, mmoja. Nilitaka kusema, nakuapia. Yeye ndiye aliyesema kwanza. “Kanisius, mimi sitaki maneno. Nataka mtihani tu. Ukae kwenye dawati lako, uandike jina lako, ujibu. Kingine sitaki.” Alikuwa anajua. Alijua tangu aliponiuliza kama mashati hayakuwepo. Mtu anayehesabu usipa kwa vidole hashindwi kumjua mwongo wa miaka kumi na mitano.

Na mtihani ulipofika mimi nilikuwa Kitai. Bwana Shomari alikuwa amesikia habari za ndezi, akacheka, akasema kijana mwenye roho ya kufungua robota asilolijua anamfaa, akanipa nguo nikauze pembeni mwa barabara, mahali mabasi ya Songea yanaposimama. Watu walikuwa wamelipwa pesa za kahawa. Niliuza mpaka sauti ikanikauka. Miaka yote nimesema niliona shule haina faida. Huo ni uongo niliouuza kwa faida kubwa kuliko nguo zote. Ukweli ni kwamba nilishindwa kukaa kwenye dawati ambalo mtu alikuwa ameliacha shamba lake na ziwa lake ili nilikalie. Ningefeli, angekuwa ameondoka bure. Ningefaulu, ningetakiwa kila siku kukumbuka ni nani aliyelipa. Odo alifanya, akakosa nafasi kwa alama chache sana, akawa katekista. Mwaka ule hakuchaguliwa mtu. Tangu hapo Odo akinikuta njiani hunisalimia vizuri, habari za nyumbani, salama, anapita. Hajawahi kukaa mahali nilipokaa.

Nilipofika Kitura, nikapakua mchele, nikaonyeshwa chumba walimokuwa wanawake. Mama Komba alikuwa ameketi kwenye mkeka, amezeeka, mgongo umeinama, lakini mikono ni ile ile. Nikapiga magoti, nikampa pole.

“Pole yetu sote, baba. Umekuja, Kani.”

“Nimekuja, mama.”

Akanishika mkono asiuachie. Akaniambia polepole, kama mtu anayetafuta kitu kwenye kapu, kwamba mwaka ule wa mtihani Mwalimu alishuka kwa miguu siku mbili mpaka shuleni. Hawakumruhusu kusogea karibu, polisi alikuwa mlangoni, kwa hiyo alisimama kwenye njia ya kanisa akahesabu vichwa dirishani. Akakosa kimoja. “Alirudi akaniambia, yule kijana anaumwa, si bure, atakuwa na malaria. Akasema hivyo miaka yote, baba. Mtu akikutaja, anasema, yule malaria ndiyo ilimkosesha.” Nje walikuwa wanaimba. “Halafu ile siku ya mahafali kule njia ya Kigonsera, mjukuu wetu alikuwa anamaliza. Ulikuwa mgeni rasmi. Mwalimu alikaa nyuma, kwenye mabenchi ya wazazi. Hukumwona.”

“Sikumwona, mama.”

“Alikusikia. Aliporudi hakula.”

Akanipigapiga mgongo wa mkono kama anavyobembelezwa mtoto, akaniachia.

Baada ya jeneza kushushwa kaburini msemaji wa msiba akaanza kuita watu waseme maneno mawili matatu. Akasema, “Sasa tunamkaribisha Mheshimiwa Robota, kijana wa marehemu mwenyewe, tunamjua, atatutoa machozi kwa kicheko.” Nikaona nyuso zikijiandaa. Wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu. Kifungo kilikuwa mfukoni, nikakisikia chini ya vidole, nikakiacha hukohuko. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma kidogo.

Nikasema, “Mwalimu alinituma mashati meupe. Mashati thelathini na mawili. Yalikuwepo, niliyaona kwa macho yangu, yametandazwa kwenye mkeka. Mimi ndiye niliyekataa. Nikamwambia hayakuwepo. Watu walipokuja kumuuliza, akasema ni yeye aliyeagiza makoti, ili mimi nifanye mtihani.” Nilisikia kuku wakiparua kwenye mbuni nyuma ya nyumba. “Na siku ya mtihani sikuwa naumwa.”

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi. Msemaji aliangalia karatasi yake kama vile jina linalofuata limefutika. Nikarudisha kipaza sauti, nikatafuta pa kukaa, kiti changu cha mbele, kile cha wageni rasmi, nikakiacha. Nikapita katikati ya watu mpaka benchi la nyuma walipokuwa makatekista. Odo alikuwa mwisho wa benchi, na rozari mkononi. Akanitazama. Halafu akasogea, upana wa mtu mmoja.

Nikakaa. Tukawa tunatazama mbele wote wawili, kaburi likimwagiwa udongo wa mwisho, wa rangi ile ile ya makoti.

“Yalikuwa thelathini na matatu,” Odo akasema chini chini. “Umelisahau lile lenye doa la wino.”